Gari Lililofika Bila Hodi

Kwa masikitiko makubwa, na kwa niaba ya wote waliowahi kuamshwa nao alfajiri, inatangazwa kwamba mngurumo wa dizeli, kipenzi cha wauza vitunguu, wachimba kokoto na wanaume wenye jambo la kuthibitisha, hauko nasi tena. Uliugua kwa muda mrefu, ukikohoa moshi mweusi hadi dakika za mwisho. Umeacha wafiwa wengi: bomba la moshi, tangi, fundi wa pampu, na bwana mmoja muuza pikapu wa mtaani kwetu anayejulikana kama Ngurumo. Mazishi yatafanyika kwa njia ya simu. Maua hayapokelewi, waombolezaji watume chaji.

Huyo Ngurumo ndiye habari yetu. Wengine waliotajwa ni vyuma, watajizika wenyewe.

Ni mtu mfupi, kifua chake kikubwa kuliko shati lolote alilowahi kushonewa, na mwenye kumshonea ni mke wake mwenyewe, kwa hiyo hawezi kumlaumu fundi. Alianza kuuza pikapu akiwa kijana mwenye nywele. Nywele ziliaga, pikapu zikabaki. Wauzaji wengine huanza na bei, wakamalizia na jasho. Yeye alianzia masikioni. Mteja akiingia dukani, Ngurumo alimshika mkono taratibu kama anayemwongoza bwana harusi, akamsimamisha mbele ya boneti, akamwambia afumbe macho, kisha akawasha gari.

“Usiniulize mimi kitu,” alikuwa akisema. “Muulize yeye.”

Na gari lilijibu. Watu wazima, wenye ndevu na madeni, walisimama pale wamefumba macho wakitabasamu kama watoto wanaoimbiwa.

Aliye mbali naye hakunyimwa. Alipiga simu, akaeleza mlima wake na tope lake, na Ngurumo akaweka chai pembeni, akavuta pumzi, akamngurumia kwa mdomo. Alianza na pikapu inayoamka kwenye baridi, akaipakia saruji, akaipandisha mlima kwa gia ya pili, halafu akaiteremsha tupu upande wa pili, yenye furaha, ikirukaruka. Mteja mmoja aliagiza siku hiyohiyo. Mwingine alipiga tena kesho yake kusema anataka ile ya mwisho aliyosikia jana, siyo ile ya mwanzo, ile ya mwanzo ilikuwa na mafua.

Jioni alirudi nyumbani na pikapu kuukuu ya ofisi, na hapo ndipo mtaa ulipopata saa yake. Akikata tu kona ya mashine ya kusaga, kila mtu alijua. Watoto waliokuwa wakichezea maji walifunga bomba na kuvaa sura za watoto wa watu. Fundi baiskeli aliyekuwa amelala chini ya meza yake aliibuka na spana mkononi, akakaza nati ambayo haikuwa imelegea. Gari lilipita, likaunguruma hadi getini, likakohoa mara mbili, likazima. Na mlangoni, siku zote, alikuwa amesimama mke wake, mkono umeshanyooshwa kupokea mkoba.

Mama huyu ni fundi cherehani. Mashine yake iko barazani kwenye mwanga, cherehani ya kukanyaga kwa miguu, ile ya chuma cheusi, nzito kama dhambi za ukoo. Pikapu za mume zimebadilika umbo, rangi na hata nchi zilikotengenezwa. Cherehani ni ileile. Ametushonea sare za shule, mapazia, na suruali ambazo baadaye alituongezea kiunoni bila kusema neno.

“Mke wangu hana kiti,” Ngurumo alikuwa akijisifu pale kwa fundi baiskeli. “Nimeoa chuma. Tangu tuoane, sijarudi nyumbani nikamkuta amekaa.”

Sisi tulitikisa vichwa kwa heshima. Majirani tunaona mengi, lakini tuna adabu yetu: tunayasema tu yale yasiyotuhusu.

Basi siku moja meneja wa duka aliitisha mkutano. Waliohudhuria walikuwa Ngurumo na ua lililo kwenye chungu. Meneja ni kijana mpole, anavaa viatu bila soksi na kupokea vitu vya wazee kwa mikono miwili, na kama ulitegemea nikuletee mtu mbaya wa kumchukia, umekosa. Alieleza kwa sauti ya mtu anayetoa habari za msiba ambao hakuusababisha. Pikapu za umeme zimefika. Makao makuu wameamua kwamba hizi haziuzwi kwa maneno. Mteja atakuwa amelala kitandani kwake, atachagua rangi kwa kidole, atalipa kwa kidole, na gari litamfuata getini kama mkate. Ukumbi utapunguzwa. Litabaki gari moja la kutazamwa, skrini moja kubwa, na hilo ua.

Ngurumo alihesabu kwa macho: gari, skrini, ua. Kiti hakukiona.

Kiti chenyewe kilikuwa karibu na dirisha. Kinazunguka, kimekosa gurudumu moja, na mahali pa gurudumu kimewekewa kizibo cha mbao. Ukikalia bila kujua, kinakutupa. Kilikuwa kimemzoea yeye tu.

“Mzee wangu,” meneja alisema, “nimewaomba wanipe hadi mwisho wa mwezi. Chukua hili la maonyesho, nenda nalo nyumbani, uishi nalo. Ukimpata mtu mmoja tu wa kulinunua, nitawaambia bado duka linahitaji mtu. Usipompata...” Sentensi iliyobaki aliimalizia kwa kupangusa vumbi kwenye jani la ua.

Fundi umeme alitumwa nyumbani akafunga soketi kubwa barazani, yenye waya mnene. Mama fundi aliuliza soketi ya nini. Ngurumo akamjibu kwa simu kwamba ofisi wamempa gari jipya, wanamthamini sana. Hayo mengine aliyameza. Hakutaka jioni ya mkewe iharibike, na alikuwa na imani ya wanaume wengi kwamba habari mbaya isiposemwa hukata tamaa ikaondoka yenyewe.

Kulichukua gari kulikuwa vita vingine. Alibonyeza kitufe, akasubiri. Akabonyeza tena. Akashuka, akaweka sikio kwenye boneti kama daktari.

“Limewaka,” meneja alimwambia.

“Nitajuaje?”

“Litaondoka.”

Likaondoka kweli, kimya, kama mgeni asiyetaka kuaga. Ngurumo aliliendesha mabega yakiwa yamempanda masikioni. Njiani alijikuta anabadili gia ambazo hazipo. Na alipokata kona ya mashine ya kusaga, kwa mara ya kwanza tangu ahamie mtaa huu, hakuna aliyejua.

Tulinaswa wote. Watoto walikuwa wamelifungua bomba na kujenga ziwa. Fundi baiskeli alikuwa amelala mguu nje, na gari lilimkwepa kwa huruma zake lenyewe. Mimi mwenyewe nilichokuwa nikifanya hakihusiki na habari hii. Ngurumo alitupita akitutazama mmoja mmoja, kama mtu aliyeingia chumba ambacho hakuwahi kuambiwa kipo, akafika getini kwake, akafungua, akapanda barazani.

Mke wake alikuwa amekaa.

Alikuwa amekaa kwenye kiti, kiti cha kweli chenye mto, na amelala. Mguu wa kulia ulikuwa umenyooshwa juu ya kigoda, na goti limefungwa kitambaa kilicholowa maji, limevimba kama boga. Pembeni ilisimama fimbo, ambayo siku zote Ngurumo alidhani ni ya kufukuzia paka. Redio ilikuwa ikijisemea taratibu. Kinywa chake kilikuwa wazi kidogo. Uso ule ambao kila jioni ulimpokea mlangoni umeshapangwa na kunyooshwa ulikuwa umelegea, na Ngurumo akaona kwamba mkewe amezeeka, amezeeka muda mrefu, bila kumwambia mtu.

Akatazama goti. Akatazama pedali ya cherehani, jinsi chuma kilivyolika mahali pa wayo wa kulia. Kuna wakati, watoto wao wangali wanatambaa, mama huyu alisema pedali imeanza kuwa nzito, naye akamjibu kwa furaha, tutaifungia mota. Na alimaanisha kabisa. Halafu kukawa na ada, na paa, na mwaka mwingine, na kila jioni alipofika alimkuta amesimama, sasa mota ya nini?

Mwanamume mwingine angemwamsha. Mwingine angepiga kelele, kwa nini hukuniambia. Ngurumo alirudi kinyumenyume. Alishuka ngazi za baraza kwa ncha za vidole, akafunga geti bila kulibamiza, akasimama nje kando ya lile gari bubu lisilo na hatia. Alijua anachokiona. Yeye mwenyewe alikuwa amebeba neno tangu asubuhi na alihitaji kona nzima ya njia ili apange uso kabla ya kuingia. Mwenzake alikuwa na kona kama hiyo kila siku, naye leo amekuja kumnyang'anya.

Akavuta pumzi. Akanguruma.

Alianzia mbali, kama gari lililo kwenye mashine ya kusaga. Akaja taratibu kwa gia ya tatu, akashuka ya pili kwenye shimo la njiani, akapunguza, akasogea. Sisi majirani tulisimama kwenye mageti yetu tukimtazama mtu mzima, mwenye mkoba begani, akijipaki kwa mdomo mbele ya nyumba yake. Na kutoka ndani tukasikia kigoda kikisukumwa, fimbo ikigonga nyuma ya mlango, redio ikizimwa.

Alipoingia, mkewe alikuwa amesimama mlangoni, mkono umenyooshwa.

“Umefika,” alisema.

“Nimefika.”

“Kumbe na hili jipya linanguruma.”

“Kidogo,” Ngurumo akasema, akampa mkoba.

Ikawa desturi. Kila jioni gari liliingia mtaani kama paka, likasimama kando ya geti, na mwenye gari akashuka kulifanyia kazi yake. Alijipa muda wa kutosha, kwa sababu goti lile lilihitaji muda, na kwa hiyo gari lake la mdomoni likawa linatoka mbali zaidi kila siku, likikwama kwenye matope ambayo hatuna na kupanda milima ambayo haijawahi kuonekana mtaani kwetu. Siku moja mama mmoja jirani alipita na ndoo katikati ya gia ya pili. Injini ikasimama, ikasema, “Salama mama, za nyumbani?” halafu ikaendelea ilipoishia. Siku nyingine alijikwaa kwenye jiwe, na pikapu yenye mzigo wa saruji ikamtaja shetani.

Koo lilimwisha. Dukani hakuweza kusema zaidi ya maneno machache ya kukwaruza, na meneja akafurahi, akidhani mzee ameanza kuuelewa utulivu wa teknolojia. Wateja waliingia, wakalitazama gari, wakauliza litawaka lini, wakaambiwa limeshawaka, wakaondoka. Mwezi ulikuwa unakatika. Kiti kilimzungusha dirishani, naye akakishika kwa mikono yote miwili kama mtu aliye ndani ya mtumbwi.

Kisha ikafika jioni moja ambayo alikuwa amesimama pale getini, macho ameyafumba, amebeba mzigo mzito na yuko gia ya tatu, sauti ya mkewe ikamjia kutoka ndani, tulivu kabisa.

“Baba, zima hiyo injini uingie. Utapasuka koo.”

Mngurumo ukakatika. Akafungua geti, akapanda barazani. Mkewe alikuwa amekaa. Kigoda kilikuwa mahali pake, mguu juu yake, kitambaa gotini, fimbo imeegemea ukuta mbele ya macho ya watu wote. Hakuficha kitu.

“Umejua lini?” Ngurumo aliuliza kwa ile sauti yake ya msasa.

“Siku ya kwanza. Lile la zamani likifika hapa lilikuwa linakohoa mara mbili ndipo linazima. Wewe hukukohoa.” Akavuta pumzi. “Na gari, baba watoto, halisalimii watu.”

Ngurumo alikaa kwenye ngazi. Akamuuliza, sasa kama alijua tangu siku ya kwanza, mbona kila jioni aliendelea kunyanyuka? Mkewe akasema mtu akijitesa hivyo kwa ajili yako, utamwachaje apaki bure. Halafu Ngurumo akamuuliza lile kubwa, kwa nini alimficha goti. Mama fundi alitazama cherehani yake kabla ya kujibu.

“Wewe umewaambia watu wote kwamba mkeo hana kiti. Mimi ningekaa vipi?”

Hilo lilimwingia. Na kwa kuwa jioni ilikuwa imeshafunguka, naye akamwambia lake: skrini, ua, mwisho wa mwezi, mtu mmoja ambaye hajapatikana. Akasema asiye na kiti ni yeye.

Mkewe hakulia, wala hakumkemea kwa kumficha. Angeanzia wapi, na goti lake liko pale juu ya kigoda? Alijisogeza pembeni, akapapasa nusu ya mto.

“Hiki kinatosha wawili,” alisema, “tukibanana.”

Wakabanana. Tuliwaona, na kwa mara ya kwanza katika historia ya mtaa, sote tukageuka kutazama upande mwingine.

Sasa, mteja. Alibaki mmoja tu wa kujaribiwa, na huyo alikuwa Mama Mbao, mwenye kiwanda cha mbao ng'ambo ya reli. Mama fundi ndiye anayeshona aproni za wafanyakazi wake, na pikapu zake zote za nyuma ziliuzwa na Ngurumo. Ni mwanamke mrefu, mwenye miwani inayoning'inia kifuani kwa mnyororo na sauti ambayo haijawahi kurudia agizo. Dizeli yake ikisikika upande huu wa reli, kule kiwandani mashine zote za kuranda huwaka kwa pamoja, na hata mlinzi hupata kitu cha kulinda.

Fundi baiskeli, ambaye jeraha lake la kunaswa lilikuwa bado bichi, ndiye aliyempa Ngurumo ushauri. Mwambie atawakamata wote, alisema. Gari lisilo na mlio ni jicho lenye magurudumu. Atanunua hilo na jingine la akiba. Na ushauri huo, kusema kweli, ulikuwa mzuri. Ulikuwa ndio ushauri pekee wa kibiashara uliopatikana mtaani. Ngurumo aliubeba mdomoni asubuhi yote kama pipi asiyoipenda.

Alimchukua Mama Mbao sokoni, akampa usukani. Walivuka reli, wakasogea hadi mbele ya kiwanda, na lango lilikuwa wazi. Mashine zilikuwa zimelala. Wafanyakazi walikuwa wamekaa juu ya marundo ya mbao wakiwa na vikombe vyao, na mmoja, mwembamba, mwenye vumbi la mbao hadi kwenye nyusi, alikuwa amesimama katikati. Alikuwa amening'iniza kamba kifuani kama mnyororo wa miwani. Alitembea hatua ndefu, akasimama, akamkazia macho mwenzake mmoja, akasema neno ambalo halikufika garini, na wote wakaanguka wakicheka, wakipigapiga mbao kwa viganja.

Gari lilisimama langoni. Hakuna aliyeliona.

Biashara ilikuwa imeiva. Ngurumo hakuhitaji hata kufungua kinywa. Alihitaji tu kukaa kimya, kama gari lenyewe. Alimtazama yule mwembamba jinsi mwili wake ulivyokuwa mwepesi, wa mtu asiyejua kama anatazamwa, na akaona kigoda, na kitambaa, na kinywa kilichokuwa wazi kidogo. Mkono wake ukavuka kifua cha mteja, jambo ambalo muuzaji hafanyi, ukatua kwenye honi.

Kiwanda kililipuka. Vikombe vilipotea, mashine zikalia zote kwa wakati mmoja, yule mwembamba akakumbatia ubao wa kwanza aliouona akaanza kuupima kwa ile kamba yake.

Mama Mbao alivaa miwani. Alimgeukia taratibu.

“Kwa nini umepiga honi?”

Ngurumo alijua kiti chake kimeondoka. Kwa kuwa kimeshaondoka, alisema ukweli. Alimwambia habari za goti, na ile jioni ya kwanza, na jinsi alivyokuwa akipaki kwa mdomo. “Mtu ukimfikia ghafla, mama, unamkuta alivyo,” alimaliza. “Na siyo kila mtu yuko tayari kukutwa. Nikaona niwape kona yao.”

Mama Mbao alitazama mbele kupitia kioo. Mashine zilikuwa zinaranda hewa tupu.

“Miaka yote niliyokuwa na kiwanda hiki,” alisema, “sijawahi kuwasikia wakicheka. Nilidhani nimeajiri watu wenye huzuni. Hata nyumbani kwangu. Nikifika wajukuu wamesimama mstari kama askari. Nilidhani ni malezi.”

Akarudisha gari nyuma hadi upande huu wa reli, akaligeuza, akasimama hapo.

“Tunaingia tena,” alisema. “Na safari hii mikono yako iweke mfukoni.”

Ngurumo alimuuliza kwa woga kama anataka kuwakamata.

“Nataka kusikia mwisho wa ile hadithi. Na yule anayeniigiza ananikosea. Mimi naanza na mguu wa kushoto.”

Waliingia tena, kimya, lakini wafanyakazi walikuwa wameshashtuka. Kila mmoja alikuwa na ubao, na jasho, na uso wa mchana. Hakuna aliyecheka. Mama Mbao alisubiri pale langoni kwa muda mrefu kuliko inavyomstahili mtu mwenye kiwanda. Ngurumo akamwambia, kwa upole, kwamba jambo kama hilo linaweza kuchukua muda.

“Ndiyo maana nanunua,” Mama Mbao akajibu. “Ingekuwa la siku moja ningeazima.”

Akatoa simu. Alichagua rangi kwa kidole, akalipa kwa kidole, vilevile kama makao makuu walivyotabiri. Mwishoni simu ikamuuliza alilifahamuje gari hili, ikampa machaguo: tangazo, mtandao, rafiki. Alitafuta neno muuzaji, akasogeza juu, akasogeza chini, akaguna. Halafu akamtazama yule mtu mfupi aliyekaa kiti cha abiria na mikono yake mfukoni, akabonyeza rafiki.

Makao makuu waliona. Wakamwandikia meneja kumuuliza huyo rafiki ni nani na kama anaweza kuongezwa. Meneja, ambaye nilishakwambia si mtu mbaya, aliwajibu kwamba rafiki yupo, ni mmoja, haongezeki, na anahitaji kiti. Kwa hiyo leo ukiingia dukani utakuta gari, skrini, ua, na mzee aliyevaa beji iliyoandikwa Rafiki wa Wateja, amekalia kitu chenye kizibo cha mbao mahali pa gurudumu. Kazi ni ileile, ila amekatazwa kuiita hivyo. Mteja akiuliza litawaka lini, anamwambia afumbe macho. Sikia, anamwambia. Unasikia nini? Mteja anasema hasikii kitu. Haya, anasema Ngurumo, sasa fikiria nyumbani kwako wewe usipokuwepo. Wengine hununua. Wengine hurudi nyumbani haraka sana.

Jambo la kwanza alilofanya siku ile Mama Mbao aliponunua, kabla hata ya kula, lilikuwa kwenda kwa fundi umeme na kurudi na mota. Ndogo, ya ukubwa wa nanasi. Aliifunga mwenyewe kwenye cherehani, akaifunga vibaya, cherehani ikashona kinyumenyume hadi mkewe alipomwomba atoke. Sasa mama fundi anashona ameketi vizuri, mguu wa kulia umepumzika kwenye kigoda, na wa kushoto unagusa pedali ndogo kwa vidole viwili tu. Gari likifika hanyanyuki. Wakati mwingine hata hageuzi kichwa. Ngurumo anajibebea mkoba mwenyewe, na kwa fundi baiskeli siku hizi anajisifu kwamba mke wake ana kiti.

Juzi jioni nilimkuta amesimama barazani na waya mnene wa gari mkononi. Nikaona huu ndio wakati wa historia. Nilikohoa kidogo, nikamwambia yeye ni shahidi aliyeuona mngurumo ukizikwa na ukimya ukitawazwa, vizazi vijavyo vitatuuliza. Basi naomba atwambie, kwa maneno yake mwenyewe, mustakabali wa pikapu za umeme ni upi.

Aliutazama waya. Akaitazama soketi, ile moja ya barazani. Akamtazama mkewe, aliyekuwa anamalizia pindo la pazia refu, akiimba kwa pua.

“Leo halichajiwi,” alisema. “Soketi ina cherehani.”